Shahada Iliyokuja na Ndege

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani kuna ujumbe mmoja usiokufa. Kila baada ya miezi kadhaa unarudi, umebadilishwa picha tu: Waafrika ndio wahamiaji waliosoma zaidi nchini humo, wanawapita hata Wazungu. Chini yake hufuata makofi, bendera, na mara nyingi kijembe kimoja kwa Wamarekani weusi, kwamba wamezaliwa palepale, shule wanazo, na bado hawasomi. Hesabu iliyo nyuma ya ujumbe huo ina ukweli kiasi. Hitimisho lake ndilo bovu, na linatuumiza sisi wenyewe, maana ndani ya wastani huo tunaoushangilia wamo vijana wazungumzaji wa Kiswahili waliofungiwa njia ya chuo na hakuna anayewahesabu.

Tuanze na takwimu. Kituo cha Taifa cha Takwimu za Elimu cha Marekani hutazama kila mwaka vijana wa miaka 25 hadi 29 na kuuliza ni wangapi kati yao wana angalau shahada ya kwanza. Mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 40. Ukiwagawa kwa asili, tofauti zinajitokeza mara moja: wenye asili ya Asia asilimia 72, Wazungu 45, weusi 28, Walatino 25. Mwaka 2010 makundi hayo hayo yalikuwa na asilimia 56, 39, 19 na 13. Kwa hiyo wote wamepanda, na Walatino wamekaribia kujizidisha mara mbili kwa miaka 12, jambo ambalo halitangazwi sana.

Sasa ongeza swali la pili: kijana huyu alizaliwa wapi? Hapo ngazi inavurugika. Kwa watu weusi, wahamiaji wanawapita wazawa. Kwa Walatino ni kinyume, wazawa ndio wanaowapita wahamiaji. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha kwamba mwaka 2019, miongoni mwa watu weusi wa miaka 25 na zaidi, wahamiaji waliozaliwa Afrika wenye shahada walikuwa takriban asilimia 40, huku wazawa wakiwa karibu asilimia 22. Watu wazima wote wa Marekani kwa pamoja walikuwa asilimia 33. Huo ndio mzizi wa ujumbe wa WhatsApp.

Lakini angalia kwanza nani amewekwa kwenye hesabu. Miaka 25 na zaidi maana yake ni pamoja na bibi wa miaka 80 aliyesoma Mississippi katika shule ya weusi peke yao, kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1954 iliyokataa ubaguzi shuleni, na kwa kweli hata baada yake, kwa kuwa majimbo ya kusini yaliburuta miguu kwa miaka mingi. Mhamiaji kutoka Afrika kwa wastani ni kijana zaidi, na wa rika la bibi huyo wa kuushusha wastani wao ni wachache. Ndiyo maana wanaoifahamu kazi hii hupendelea kuwalinganisha vijana kwa vijana. Ukifanya hivyo pengo linapungua, ingawa halifutiki.

Linalobaki linaelezwa zaidi na mlango ambao mtu aliingilia kuliko na damu, utamaduni au malezi.

Kutoka Mombasa, Mwanza au Lagos hakuna anayefika Marekani kwa miguu. Kuna bahari katikati, na kabla ya bahari kuna dirisha la ubalozi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, iliondoa mgawo wa mataifa uliokuwa ukiwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, ikaweka mbele undugu na ujuzi. Mwafrika wa miaka ya 1970 hakuwa na ndugu wengi wa kumwita kutoka kule, kwa hiyo aliingia kwa ujuzi au kwa masomo. Sheria ya mwaka 1990 ikaleta bahati nasibu ya Green Card, nafasi zisizozidi 55,000 kwa mwaka, ambayo wengi wetu tunaichukulia kama mchezo wa bahati tupu. Hata bahati nasibu hiyo ilikuja na mchujo: sharti uwe umemaliza sekondari, au uwe na uzoefu wa miaka 2 katika kazi inayohitaji mafunzo. Aliyeshinda bado ilimlazimu apate nauli, ada za visa na za vipimo vya afya, na fedha za kuanzia maisha. Mkulima wa Sumbawanga aliyeishia darasa la saba hakuwahi kuwa kwenye kapu lile.

Historia yetu wenyewe inatoa mfano mzuri kuliko wote. Ndege iliyotua New York Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, mpango ulioendeshwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya pamoja na marafiki wa Marekani kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, ilibeba watu waliochujwa kutoka umati mkubwa wa vijana waliotaka kwenda. Wangari Maathai alifuata mwaka 1960, akasoma chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964. Hadi mpango unakoma mwaka 1963 walikuwa wameenda karibu 800. Ukiwapima Wakenya wote kwa kuwatazama hao, utadhani kila mtu Nyeri na Kisumu alikuwa na shahada.

Mwanasosholojia Cynthia Feliciano aliwahi kulinganisha wahamiaji wa Marekani na wenzao waliobaki nyumbani, nchi kwa nchi, akakuta kwamba karibu kila mahali wanaoondoka wamesoma kuliko wanaobaki. Jennifer Lee na Min Zhou, katika kitabu chao cha mwaka 2015 kuhusu mafanikio ya Wamarekani wenye asili ya Asia, walitoa mfano unaoshtua: asilimia 51 ya wahamiaji Wachina nchini Marekani walikuwa na shahada, ilhali China yenyewe ilikuwa na asilimia 4 tu ya watu wazima wenye shahada. Mtu anayesema Wachina wana utamaduni wa kusoma na ushahidi wake ni Wachina wa California, ameangalia kilichopita kwenye chekeche akadhani ndio gunia zima.

Kuna jambo jingine ambalo hata waandishi wa magazeti makubwa hulisahau. Utafiti wa jamii ambao Ofisi ya Sensa ya Marekani huufanya kila mwaka, unaotumiwa kwa hesabu nyingi za aina hii, humuuliza mtu ana kiwango gani cha elimu na shahada yake ni ya fani gani. Haumuulizi aliipatia wapi. Daktari aliyesomeshwa Ibadan au Muhimbili kwa kodi za wananchi wa kwao akahamia Houston akiwa na miaka 29 anaingia kwenye jedwali kama ushahidi kwamba wahamiaji weusi wanafanikiwa Marekani kimasomo. Shule za Marekani hazikumfundisha hata herufi moja. Shahada ilikuja na ndege, ndani ya begi lake.

Kwa upande wa Asia hali imezidi. Mwaka wa masomo 2023/24 Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1, na kati yao Wahindi walikuwa 331,602, wengi wakisomea shahada za uzamili na uzamivu. Sensa huwahesabu watu mahali wanapoishi, hata wakiwa na visa ya mwanafunzi. Kijana wa miaka 26 anayesoma uzamili Texas tayari ana shahada ya kwanza, vinginevyo asingekubaliwa. Ukiuliza ni asilimia ngapi ya vijana waliozaliwa India na kuishi Marekani wana shahada, sehemu ya jibu umeipanga mwenyewe kabla ya kuuliza.

Basi, na watoto? Hapo ndipo kipimo cha kweli kilipo, na hapo ndipo takwimu zinapofifia. Sensa ya Marekani iliacha kuuliza wazazi wa mtu walizaliwa wapi baada ya mwaka 1970. Utafiti mwingine wa nguvu kazi, ambao sampuli yake ni ndogo zaidi, ulirudisha swali hilo mwaka 1994. Matokeo yake, katika majedwali mengi Barack Obama ni mzawa mweusi tu, ingawa baba yake alitoka Kenya, na Kamala Harris ni mzawa tu, ingawa baba yake ni Mjamaika na mama yake Mhindi. Watoto wa wahamiaji humezwa ndani ya kundi la wazawa na kulipandisha wastani bila kuonekana. Kwa hiyo pengo kati ya kizazi cha watumwa wa Marekani na familia za wahamiaji huenda ni pana kuliko lile la mzawa na mhamiaji ambalo tumezoea kulichora.

Douglas Massey na wenzake walilipima mwaka 2007 kwa kuwatazama wanafunzi walioanza mwaka 1999 katika vyuo 28 vyenye ushindani mkali. Kati ya wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza, asilimia 27 walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, wakati kundi hilo lilikuwa asilimia 13 tu ya vijana weusi wa rika lao nchini. Katika vyuo vya Ivy League walifika asilimia 41. Miaka 3 kabla ya utafiti huo kutoka, Henry Louis Gates na Lani Guinier, wote maprofesa wa Harvard, walikuwa wamelisema hadharani: wengi wa wanafunzi weusi chuoni hapo walionekana kuwa wahamiaji kutoka Karibi na Afrika au watoto wao, si wajukuu wa watumwa ambao sera za upendeleo wa makusudi katika udahili ziliundwa kwa ajili yao. Sera hizo zenyewe Mahakama ya Juu ilizipiga marufuku Juni 2023. Wazazi wetu wa diaspora walionufaika nazo na kesho yake wakawasema vibaya Wamarekani weusi, ambao babu zao walipigwa virungu ili milango hiyo ifunguliwe, wana deni la adabu ambalo bado hawajalipa.

Na tusidhani hata hiyo asilimia 28 ya vijana weusi imetulia. Inatoka kwenye utafiti wa nguvu kazi niliotaja, ambao hauwafikii walioko magerezani. Becky Pettit alionyesha katika kitabu chake Invisible Men, cha mwaka 2012, kwamba kuwaacha wafungwa nje ya hesabu huifanya hali ya elimu ya wanaume weusi ionekane bora kuliko ilivyo.

Visanduku vya asili ambavyo mtu hutia alama kwenye fomu ni suala la serikali, si la maumbile. Viliwekwa na ofisi ya bajeti ya Ikulu mwaka 1977, vikapangwa upya 1997, kisha Machi 2024 kikaongezwa kimoja cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao hadi hapo walihesabiwa Wazungu. Mtu wetu wa Afrika Mashariki ana wakati mgumu humo. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 kwa wazazi wenye asili ya India na kuchaguliwa meya wa New York mwaka 2025, aliingia kwenye malumbano kampeni zikiendelea pale ilipofichuka kwamba alipoomba nafasi Chuo Kikuu cha Columbia akiwa kijana alitia alama kwenye kisanduku cha Asia na pia kwenye cha weusi au Waafrika-Wamarekani. Alijieleza kuwa visanduku havikumtosha. Nafasi yenyewe hakuipata. Lupita Nyong'o naye, Mjaluo aliyekulia Kenya, alizaliwa Mexico City. Jedwali la mahali pa kuzaliwa linamweka pamoja na wahamiaji wa Mexico.

Kisanduku cha Asia ndicho kinachopotosha kuliko vyote. Mwaka 2019 asilimia 75 ya watu wazima wenye asili ya India walikuwa na shahada, wenye asili ya Laos 18, na wa Bhutan 15. Wa Bhutan wengi wao walitoka kambi za wakimbizi za Nepal. Wamarekani wanawaita wote kwa jina moja, kisha wanawasifia kwa asilimia 72.

Walatino wanatupa somo la upande wa pili. Kijana wa Oaxaca au wa milima ya Guatemala anayevuka mpaka akiwa na miaka 19 kwenda kujenga nyumba au kuchuma matunda hajaenda kusoma na hajawahi kukanyaga darasa la Marekani. Lakini akifika miaka 25 anahesabiwa kama kijana wa Marekani asiye na shahada, na magazeti yanauliza shule zimekosea wapi. Baada ya mwaka 2007 uhamiaji wa Wameksiko ulipungua sana, na sehemu ya vijana Walatino waliozaliwa na kusomea Marekani ikakua. Hiyo ni sababu moja kubwa ya kupanda kutoka 13 hadi 25, ingawa juhudi za familia zenyewe ni halisi vilevile. Mdogo wake aliyevushwa akiwa na miaka 3 ana haki ya shule ya msingi na sekondari kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1982 katika kesi ya Plyler, lakini akimaliza bila karatasi hapati mkopo wala msaada wa serikali kuu kwa ajili ya chuo. Wachumi Brian Duncan na Stephen Trejo waliongeza jambo ambalo silo la kupuuza: wajukuu wa Wameksiko waliosoma zaidi ndio hasa wanaooa nje ya jamii na kuacha kujiita Walatino, kwa hiyo mafanikio yao yanahama kisanduku na kundi linaonekana limekwama.

Nimechelewa kufika kwa watu niliowakusudia. Katika miaka kadhaa tangu katikati ya muongo uliopita, Kongo ya Kidemokrasia imekuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mwaka wa fedha 2016 peke yake walizidi 16,000. Wengi ni watu wa Kivu wanaozungumza Kiswahili, waliotoka kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, au Nakivale nchini Uganda. Leo utakisikia Kiswahili chao makanisani Lexington na Louisville, jimbo la Kentucky, na katika miji ya Iowa. Kwenye jedwali kijana huyo ni mweusi, mhamiaji, mzaliwa wa Afrika, sawasawa na mtoto wa mhasibu wa Nairobi aliyeingia Boston kwa visa ya masomo. Wastani wa pamoja unapendeza kwa sababu ya huyu wa pili.

Mfikirie anayefika akiwa na miaka 17. Nyarugusu alisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili. Kentucky anawekwa darasa linalolingana na umri wake, kwa Kiingereza asichokijua, akiwa na miaka michache ya kukusanya alama za kumaliza sekondari kabla umri haujamtoa shuleni. Msaada wa mwanzo wa shirika linalowapokea hupimwa kwa siku 90. Baada ya hapo kodi ya nyumba inataka mishahara, na mishahara iko kwenye ghala na viwanda vya nyama, zamu ya usiku, kazi ambayo haiulizi Kiingereza. Asubuhi yeye ndiye mkalimani wa mama hospitalini. Mdogo wake aliyefika na miaka 6 anaishi nchi nyingine kabisa, japo wanalala chumba kimoja. Umri wa kufika unaeleza mengi kuliko nchi ya kutoka, na ndio unaokosekana karibu kila jedwali, ingawa Ofisi ya Sensa hukusanya mwaka wa kuingia na mtu angeweza kuukokotoa.

Kukomea miaka 29 nako kunawadhulumu watu hawa. Mwanasiasa Ilhan Omar alikimbia Somalia akiwa mtoto, akaishi kambi ya Utange karibu na Mombasa miaka 4, akafika Marekani mwaka 1995. Shahada yake ya Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota aliipata mwaka 2011, akiwa na miaka 28. Angepimwa na miaka 26, angeingia kwenye safu ya walioshindwa. Wapo wengi wanaomaliza wakiwa na miaka 33, na watoto wawili mgongoni, na takwimu za vijana hazitawaona kamwe.

Wala shahada peke yake si kazi. Taasisi ya Sera za Uhamiaji ya Washington ilikadiria mwaka 2016 kwamba wahamiaji wenye shahada karibu milioni 2 walikuwa hawana kazi au wanafanya kazi zisizohitaji elimu yao. Mwalimu wa sekondari wa Arusha anayewaogesha wazee Minnesota, ambaye shahada yake ya miaka 3 imepimwa na kuambiwa haifiki ya miaka 4, anaijua habari hii bila kusoma ripoti.

Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi isipokuwa kwa wachache waliochaguliwa. Mlango huo ukibaki umefungwa na ule wa wasomi ukabaki wazi hata kidogo, wastani wa elimu wa wahamiaji Waafrika utapanda bila hata mtu mmoja kusoma zaidi. Makundi ya WhatsApp yatashangilia tena.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa viongozi wa vyama vya Wakenya, Watanzania na Wakongomani walioko huko. Faili za Ofisi ya Sensa ziko wazi kwa umma bila malipo, na vijana wetu wanaosomea takwimu wapo. Wapeni kazi ya kuwatenga waliozaliwa Kongo, Tanzania, Kenya na Somalia, kila nchi peke yake, kisha waliofika kabla ya kutimiza miaka 10 na waliofika baada ya kutimiza 15. Chukueni majibu hayo mpeleke kwenye bodi za shule za Lexington na Des Moines, mdai madarasa ya Kiingereza ya jioni na muda zaidi wa kumaliza sekondari kwa waliofika wakiwa wakubwa.